Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: simamisha kijiko, ulituahidi

Mheshimiwa shikamoo, na pole na majukumu. Jina lako silitaji, unajijua. Ni wewe uliyesimama barazani kwetu hapa katikati ya mji wa Dodoma na msafara wako, ukapapasa ule mlango wa mbao ukasema mbele ya watu wote kwamba jengo hili la zamani la duka halivunjwi mpaka wataalamu wa mambo ya kale walikague. Tulipiga makofi. Wiki hii kijiko, ile mashine ya kubomolea, kimekuja alfajiri kikaangusha nguzo mbili za baraza, na ukutani kuna X nyekundu ambayo kila ofisi tunayoenda wanasema sio wao walioichora.

Mimi ni fundi cherehani, nimejifunzia kazi chini ya baraza hilo kwa marehemu mjomba wangu na hadi leo ndo ofisi yangu. Sasa nashonea juani, vitambaa vya watu vinajaa vumbi, sare za shule hazijaisha wazazi wanapiga simu, wengine wanadai advansi yao na hela yenyewe nilishanunulia uzi na vifungo, nitawapa nini mheshimiwa?

Hivi jengo lile unalijua vizuri? Mji huu umeanza 1907 Wajerumani walipokuwa wanajenga Reli ya Kati, ile iliyofika Kigoma 1914, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaifuata reli wakajenga maduka, duka mbele familia inaishi nyuma, uani stoo. Letu ni la aina hiyo hiyo. Ukuta ni wa mawe, mnene hadi mtu anakaa dirishani na miguu yake yote, umepigwa chokaa. Dari iko juu sana na chini yake kuna matundu, hewa ya moto inapanda inatokea pale, ndo maana mwezi wa kumi na moja jua likiwa linapasua vichwa mule dukani unakaa bila feni. Baraza nalo sio urembo, linakinga ukuta na jua, na mvua ikishuka wapita njia wote wanajibanza hapo. Kule juu kwenye paji la jengo kuna mwaka uliofinyangwa kwa chokaa, watu wa matangazo wakapaka rangi juu yake, lakini jioni jua likipiga kwa ubavu tarakimu zinatokeza.

Wanasema limechoka. Ufa upo, nakubali, upande wa uani, na mimi nadhani ni kwa sababu walikuja kupiga plasta ya saruji juu ya chokaa, unyevu ukakosa pa kutokea, na mfereji wa bati umetoboka siku nyingi maji yanashuka ukutani. Hiyo ni kazi ya fundi, sio ya kijiko! Nahisi shida hasa ni kiwanja, maana tangu ilipotangazwa 2016 kwamba serikali inahamia huku, na sasa treni ya mwendokasi imeanza 2024, kila kona ya katikati ya mji inatafutiwa ghorofa la fremu. Ghorofa zijengwe, Dodoma ina ardhi.

Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, waziri anaweza kutangaza jengo lenye historia lilindwe. Wizara yenyewe iko Mtumba hapo, kwenye mji wa serikali, mtu anapanda daladala anafika. Michoro ya Kondoa ilipoingia urithi wa dunia 2006 mkoa mzima tulijivunia, basi na mjini tubakishe kitu.

Naomba moja tu, simamisha kijiko. Wataalamu waje wapime, wapige picha, waseme wao. Wakisema livunjwe nitahamisha cherehani yangu bila neno, lakini waje kwanza kama ulivyosema mwenyewe. Hata karatasi moja yenye mhuri wako inatosha, nitaibandika mlangoni. Simamisha kijiko mheshimiwa, kimepaki pale pale na dereva ametuambia Jumatatu anaendelea.

Fundi wa barazani, Dodoma