Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hela za Mfuko, Vitanda, na Hospitali Inakoelekea

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha wagonjwa wa sukari na presha hapa Kigoma, wazee wangu na mama zangu shikamooni, na nyie vijana mliojiunga mwaka huu baada ya kuambiwa sukari imepanda, karibuni, maana zamani huu ugonjwa tuliuona wa watu wazima na sasa daftari letu lina watu wa miaka thelathini na kitu.

Mambo ya kawaida nayapitisha fasta. Chama kipo, ada zinaingia kwa kusukumana, hesabu mweka hazina atazisoma mwenyewe na risiti ziko mezani mwenye wasiwasi akazishike. Wenzetu waliotangulia Mungu awapumzishe. Kikundi cha mazoezi cha Ujiji kinaendelea vizuri, cha Mwanga kimelala usingizi mzito, mjumbe wa Mwanga anajua namsema yeye.

Sasa tuje kwenye lile la hela za mfuko. Mkutano uliopita tuligawanyika, upande mmoja ukasema tuchangie chumba cha wagonjwa wa sukari na presha, vitanda, magodoro, na jina la chama ukutani, upande wa pili ukasema tusubiri kwanza. Kamati ikanituma niulize watu na nisome, hospitali za huko mbele zitakuwaje, tusije tukajenga kitu halafu baada ya miaka kumi kinafugiwa popo. Nimeuliza manesi, nimeuliza vijana wetu wanaosomea udaktari, nimesoma kwenye simu mpaka mama watoto akaanza kulalamika bando.

Nilichokiona ni hiki, matibabu ya ugonjwa wetu yanahama hospitali na kumfuata mgonjwa alipo. Angalieni yalikoanzia. Mtu wa kwanza kuchomwa insulini, ile dawa ya kushusha sukari, ni mtoto wa kiume wa miaka 14 huko Toronto, Kanada, Januari 1922, na alikuwa amelazwa wodini hoi. Leo hii wenzetu wa nchi zenye uwezo wanabandika kidude kwenye mkono, kinakaa wiki 2, kinasoma sukari usiku na mchana na kupeleka kwenye simu, hakuna kujitoboa kidole kila saa. Kuna pampu inayosoma hicho kidude na kujipangia yenyewe kiasi cha insulini cha kuingiza mwilini. Ulaya mwaka 2024 wameruhusu insulini ya kuchoma mara moja kwa wiki, hebu fikiria we unayechoma kila siku asubuhi na jioni. Uingereza nao wana wodi zisizo na jengo, mgonjwa yuko kitandani kwake nyumbani, vipimo vinamfikia nesi kwa mtandao, hali ikibadilika ndo anafuatwa.

Macho pia. Mwaka 2018 Marekani waliruhusu mashine inayopiga picha nyuma ya jicho na kusema yenyewe kama sukari imeshagusa mishipa ya macho, bila bingwa wa macho kuwepo pale. Hii ilinitamanisha sana maana tunao wenzetu wameanza kuona ukungu na bingwa wa macho kwetu mpaka kambi ya madaktari ije. Ila subirini. Google walipeleka mashine ya aina hiyo kwenye kliniki 11 za Thailand, kwenye maabara ilikuwa hodari kabisa, kufika kliniki ikakuta vyumba vina mwanga usiofaa na intaneti inasuasua, zaidi ya picha moja kati ya kila tano mashine ikazikataa. Thailand hiyo! Sisi mkoa wetu tumeishi miaka na miaka kwa majenereta ya dizeli, tunajua umeme ukikatika friji ya dawa inakuwaje. Kwahiyo mtu akija hapa kutuuzia mashine ya ajabu swali la kwanza liwe inakula umeme kiasi gani, la pili ikiharibika nani anaitengeneza na yuko wapi.

Na wala tusidhani kuhamisha matibabu ni mambo ya wazungu tu, Kigoma tumeshaona. Miaka ile ya mradi wa akina mama wajawazito, wa shirika la Thamini Uhai na wenzao, kilichofanyika ni kuboresha vituo vya afya vya huko vijijini na kuwafundisha madaktari wasaidizi na manesi kufanya upasuaji wa uzazi na kutoa usingizi, mama asisafirishwe usiku kucha kuja hospitali ya mkoa Maweni na mtoto kakwama. Sikuizi kuna namba 115 ya m-mama, unapiga bure, kama ambulensi haipo anatumwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa anakuja kumchukua mama. Takwimu za taifa za 2015/16 zilisema akina mama 556 wanakufa kwa kila vizazi hai 100,000, za 2022 zinasema 104. Sisemi ni kwa sababu ya hayo mawili peke yake, yako mengi, ila pale huduma iliposogezwa matokeo yalionekana, na sisi wa sukari na presha hatuna 115 yetu.

Shida yetu ya Kigoma siku zote ni njia. Mzee Livingstone, naye alikuwa daktari, alifika Ujiji hapa Machi 1869 anaumwa hoi akitegemea kukuta dawa zake, akaambiwa ziko Unyanyembe, Tabora huko, mwendo wa siku 13. Daktari mzima! Leo mama wa Kagunga anapanda boti mpaka Kibirizi, anafika kliniki, anaambiwa dawa imeisha kanunue duka la nje, na duka la nje bei unaijua. Kituo sikitaji, mliopo hapa wengi yamewakuta. Rwanda tangu 2016 wanarusha damu kwa droni, vile vindege visivyo na rubani, kwenda hospitali za wilaya. Hapahapa Tanzania mwaka 2018 walijaribu kutoka Mwanza kwenda Ukerewe, kilomita 60 juu ya ziwa, kama dakika 40 dawa imefika. Ziwa lao la Victoria na letu la Tanganyika yote maji, kwanini Kagunga isiwezekane? Hili nimewaomba wajumbe tuliandikie barua mkoani, barua haina gharama.

Hela zetu hazinunui droni, hilo tunajua. Hivyo vidude vya mkononi navyo ukibandika leo baada ya wiki 2 unatafuta kingine, nani atalipa. Bima ya afya kwa wote sheria yake ilipitishwa 2023, ndo mlango wenyewe huo, lakini kitita cha huduma zinazolipiwa kitabeba nini kwa mgonjwa wa sukari lazima tufuatilie sisi, tusikae tukasubiri kusomewa. Na kuna jambo linaniwasha, hizo taarifa za sukari yako zikishaingia kwenye simu zinakaa kwa nani, na kompyuta ikikosea kipimo unamshtaki nani. Sijaona mtu wa kunijibu hilo nikaridhika.

Kwahiyo pendekezo la kamati, na mimi naliunga mkono kwa mikono miwili, tusijenge chumba. Tununue mashine za presha na vipima sukari na stripi zake za kutosha, vile vipande vya kudondoshea damu, maana kipima sukari bila stripi ni pambo la kabatini, kila mtaa ukae na seti moja kwa mwanachama aliyefundishwa na nesi, apime wenzake, aandike kwenye daftari, namba zikiwa mbaya anapiga simu kliniki siku hiyohiyo. Wa vijijini wasio na friji tuwape mitungi ya udongo ya kuhifadhia insulini, ule mtungi unaowekwa mchanga wa majimaji, unapunguza joto kweli na umethibitishwa. Kinachobaki kiwe fungu la nauli ya boti na la kuwakatia bima wasiojiweza.

Mzee mmoja wa upande wa vitanda aliniambia, mwenyekiti, simu haimgeuzi mgonjwa kitandani. Sina cha kumpinga. Kwenye ule mradi wa akina mama walijaribu pia kuweka wasindikizaji, mama anajifungua na mwenzake wa kumshika mkono yuko pembeni, hapahapa kwenye vituo vya Kigoma, na akina mama waliupenda sana mpango ule. Ndo maana nimeongeza kipengele ambacho hakina gharama kubwa, mwanachama akilazwa chama kinatoa mtu wa zamu wa kukaa naye, hasa wale ambao watoto wako Dar na ndugu wako ng'ambo ya ziwa. Orodha ya zamu iko kwa katibu, mpaka sasa wamejiandikisha akina mama watupu, wanaume mpo wapi jamani.

Upande wa vitanda nao watapewa nafasi ya kuongea, wasikatizwe, halafu tupige kura ya mikono. Tuanze sasa hivi kabla ya chakula, wa Kagunga wana boti la kuwahi.