Mashine mpya za dayalisisi ni nzuri, ila njiti wa kilo 1.5 haziwezi kumsaidia

Mhariri, naomba nafasi niongee na wasomaji wako, na wakubwa wa wizara pia kama wanasoma, maana hili jambo huwa halisemwi.

Kila baada ya muda tunasikia hospitali fulani imepata mashine mpya za dayalisisi, yaani za kusafisha damu figo zikishindwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa, na kwa kweli ni jambo la kushukuru kabisa, wagonjwa wa figo waliokuwa wanasafiri usiku kucha kwenda Dar sasa hivi wanahudumiwa karibu na kwao. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Ninachotaka watu wajue ni kwamba zile mashine ni za watu wazima, na mtoto njiti wa kilo 1.5 ambaye figo zimegoma siku ya tatu tangu azaliwe hawezi kuwekwa pale, hata kama mashine iko jengo la pili tu kutoka wodini kwetu na haina mtu. Ndugu wakiambiwa hivyo wanaona tunawanyima, na siwalaumu.

Hesabu iko hivi. Mtoto mchanga ana damu kama mililita 80 hadi 90 kwa kila kilo, kwahiyo huyu wa kilo 1.5 mwili mzima ana mililita 130 hivi, nusu chupa ya soda haifiki. Mashine ya mtu mzima, ile mipira yake pamoja na kichujio, inataka mililita 150 mpaka 200 ziwe zinazunguka nje ya mwili. Yaani damu yote ya mtoto itoke na mipira bado haijajaa! Hata seti ndogo kabisa za zile mashine za kawaida za ICU zinabeba kama mililita 60, karibu nusu ya damu aliyonayo, hapo inabidi mipira ijazwe kwanza damu ya kuongezewa la sivyo presha inaanguka palepale. Na mashine ikikosea mililita 20 kwenye kutoa maji mtu mzima wala hajui kama kuna kitu kimetokea, ila kwa njiti hizo 20 zinaweza kummaliza.

Wenzetu huko nje walilikalia chini. Vicenza, Italia, Profesa Claudio Ronco na timu yake walitengeneza mashine inaitwa Carpediem, ikatumika mara ya kwanza 2013 kwa kichanga ambaye hata kilo 3 hajafika, na Marekani wakairuhusu 2020 kwa watoto wa kilo 2.5 hadi 10. Newcastle, Uingereza, Dk Malcolm Coulthard na wenzake wakaja na Nidus, hii inavuta damu kidogo kidogo kwa bomba la sindano, inayokuwa nje kwa wakati mmoja ni kama mililita 10 tu, na walilenga mpaka mtoto wa gramu 800. Nikisoma habari hizi nafurahi sana. Lakini tuseme ukweli, mashine kama hizo na vichujio vyake vya kutumia na kutupa na mafundi wake haziji hospitali ya mkoa mwaka huu wala mwakani, na mtoto aliyeko inkubeta leo hawezi kusubiri.

Sasa njia ambayo tunaiweza ipo, na ndo sababu ya barua hii. Ni dayalisisi ya tumboni, wengi kazini tunaiita PD. Haihitaji umeme wala mashine wala kutoa damu nje. Daktari anaingiza mpira mwembamba tumboni kwa mtoto, unaingia maji maalum yenye chumvi na sukari, yanakaa, ule utando wa ndani ya tumbo unafanya kazi ya kichujio, uchafu na maji ya ziada yanahamia huko, halafu unayatoa. Na kitu watu hawajui ni kwamba mtoto wa hivi mara nyingi figo zake hazijafa, zimepata mshtuko tu kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa au maambukizi kwenye damu, unamvusha siku kadhaa mpaka zianze tena kutoa mkojo basi. Hatuzungumzii kumfunga kwenye matibabu ya maisha yote.

Ila nisieleweke kwamba ni rahisi, maana ikifanywa ovyo inaua. Huyu wa kilo 1.5 unaanza na mililita 10 kwa kilo, ni 15, vijiko vitatu vya chai. Unazipima kwenye soluset, kile kichupa cha dripu chenye alama za mililita, kamwe usiachie mfuko wa lita nzima ukaingia moja kwa moja. Maji yawe na joto la mwili, nyuzi 37, ukiweka ya baridi mtoto anapoa kuanzia ndani na njiti akipoa kila kitu kinaharibika. Yanaingia, unabana, yanakaa nusu saa au zaidi kidogo, unaachia yatoke, unaangalia rangi, kama yana ukungu unamwita daktari muda huohuo kwa sababu inaweza kuwa maambukizi ya tumbo, unapima yaliyotoka, unaandika. Umeingiza 15 zimetoka 9? Zile 6 ziko wapi? Zikirundikana raundi tatu nne tumbo linapanda, linasukuma mapafu, mtoto anaanza kuhema kwa shida. Saa moja imeisha, unanawa mikono unaanza tena, mchana na usiku, na katikati unapima sukari kwa sababu yale maji yana sukari na inapanda. Kazi hii haiwezi kufanywa na nesi mmoja mwenye watoto 30 wodini, hata awe na moyo kiasi gani. Na wapo watoto ambao hawafai kabisa, kama waliooza utumbo au waliotoka kupasuliwa tumbo, hao lazima rufaa ifanyike mapema.

Anayesema haiwezekani kwetu aulize hospitali ya KCMC pale Moshi, walianza PD ya dharura zaidi ya miaka 10 iliyopita na matokeo yao yakachapishwa 2012. Cape Town, hospitali ya watoto ya Red Cross, wamefundisha madaktari na manesi wengi wa Afrika kazi hii. Mwongozo wa kimataifa wa PD, wa 2014 na ule uliohuishwa 2020, unakubali kabisa kwamba pasipo na maji ya kiwandani unaweza kutengeneza kwa dripu ya Ringer na sukari ya hospitali, kwa usafi wa hali ya juu na vipimo sahihi. Kwahiyo ujuzi upo.

Kingine, wengi wa hawa watoto wasingefika huko tungewashtukia mapema. Kuna utafiti mkubwa unaitwa AWAKEN, ulitoka 2017, wodi 24 za watoto wachanga mahututi kwenye nchi nne, walikuta watoto 3 kati ya 10 walipata shida ya figo, na kati ya hao waliofariki walikuwa asilimia 10, wale wasio na shida ya figo asilimia 1. Na hizo ni wodi zenye vifaa! Kwetu wangapi wanapita bila hata kujulikana? Kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, haipimwi kila siku, sawa, lakini mkojo je? Pima pampasi kavu, pima iliyolowa, kila gramu iliyozidi ni mililita moja ya mkojo. Huyu wa kilo 1.5 akitoa chini ya mililita 18 kwa masaa 12 kuna tatizo. Unahitaji mzani mdogo na kalamu. Badala yake kwenye faili utakuta imeandikwa "amekojoa" basi, na jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, inaendelea kuchomwa dozi ileile wakati figo ndo zinazotakiwa kuitoa mwilini zimelala.

Ombi langu kwa wizara na Bohari ya Dawa ni mipira midogo ya PD ya saizi ya vichanga iwepo kwenye orodha ya vifaa, hospitali za rufaa za mikoa zipate boksi lililokamilika, na timu ya daktari na manesi wanne watano kila hospitali wapelekwe kujifunza sehemu ambako inafanyika kweli, sio semina ya hotelini ya siku mbili. Na hao waliofundishwa wasihamishiwe wodi ya wanaume mwezi unaofuata, hili nalisema kwa uchungu kwa sababu linatokea. Mizani ya pampasi inaweza kununuliwa hata wiki hii kwa fedha za hospitali yenyewe.

Nesi, wodi ya watoto wachanga
Kanda ya Ziwa