Kundi Lenu Linaelekea Everest? Msitupunguzie Siku

Makundi yanayotaka kwenda kambi ya msingi ya Everest, nchini Nepal, hutuuliza kwanza kama siku zinaweza kupunguzwa ili gharama ishuke. Hatupunguzi. Safari nyingi za kundi huharibikia hapo hapo, kwenye ratiba iliyobana.

Tuanze na Lukla, lango la njia yenyewe. Uwanja wake wa ndege una njia moja ya mita 527 iliyojengwa kwenye mteremko: mwisho mmoja ni ukuta wa mlima, mwingine ni bonde. Rubani aliyekwisha karibia kutua hana nafasi ya kughairi na kuzunguka tena, hivyo ni lazima aione njia kwa macho. Ukungu ukitanda, ndege hazitui. Upepo wa mchana ukivuma, vivyo hivyo. Zuio hilo linaweza kudumu siku kadhaa huku foleni ikirefuka. Ndiyo maana tunaacha siku mbili za akiba kabla ya ndege ya kurudi nyumbani. Tafadhali msikate tiketi ya jioni ile ile mnayotarajia kutoka Lukla.

Msimu wa watu wengi, ndege nyingi za Lukla huondokea mji mdogo wa Manthali badala ya Kathmandu, mji mkuu. Kutoka Kathmandu hadi huko ni mwendo wa gari wa saa nne au tano, kona tupu, na safari huanza usiku wa manane. Ndege zenyewe ni ndogo, chini ya watu 20, kwa hiyo kundi la watu 14 linaweza kugawanywa na mabegi yakachelewa nyuma. Tunagawa kundi mapema, kila sehemu na kiongozi wake. Dawa na koti la baridi vikae kwenye begi la mkononi, buti ziwe miguuni. Koti linaweza kukodishwa huko juu, lakini buti zilizokwisha uzoea mguu wako hutazipata dukani.

Adui mkubwa zaidi ni mwinuko. Ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne mwili upumzike. Kwa hiyo, kwenye vituo vya njiani, tunalala Namche (mita 3,440) usiku mbili, kisha Tengboche (3,860), kisha Dingboche (4,410) usiku mbili tena. Siku hizo za mapumziko si za kulala kitandani: asubuhi mnapanda mita mia kadhaa, mchana mnarudi kulala chini. Anayezifuta anaokoa siku mbili na kuhatarisha mapafu na ubongo.

Kwenye kundi tatizo hili lina sura yake. Mtu akiumwa kichwa ananyamaza, anaogopa kuwaharibia wenzake safari. Mwongozaji wetu humuuliza kila mmoja peke yake kila jioni: kichwa, hamu ya kula, kutapika, usingizi. Anayeumwa kichwa na kukosa hamu ya kula hapandi siku inayofuata. Anayepepesuka akitembea kwenye mstari ulionyooka, au anayehema akiwa amekaa, anashushwa papo hapo, hata kama ni usiku. Ndiyo sababu kundi letu halitoki na mwongozaji mmoja: mmoja akishuka na mgonjwa, wengine wasibaki yatima.

Njiani mtapishana na misafara ya yaki na nyumbu. Simameni upande wa mlima, kamwe si upande wa korongo. Mzigo mpana humsukuma mtu bila mnyama kujua.

Na raha yake? Ipo, tena kubwa. Asubuhi ya Tengboche, mlima wa Ama Dablam umesimama mbele ya monasteri, mweupe tupu. Ila jueni mapema: ukiwa kambi ya msingi yenyewe, kilele cha Everest hakionekani, kimefichwa na mabega ya milima jirani. Kinaonekana vizuri kutoka kilima cha jirani, Kala Patthar, zaidi ya mita 5,500, na watu huanza kupanda kabla ya alfajiri. Tunaiweka siku ya baada ya kambi, na hatumlazimishi aliyechoka.

Kabla hatujalipia ndege, tutumieni bima ya kila msafiri. Iandikwe wazi kwamba inalipia uokoaji wa helikopta hadi mita 6,000, kwa kuwa bima nyingi za kawaida zina kikomo cha mwinuko kilicho chini ya hapo.