Barua ya malalamiko: swichi za ofisini kwenye tanuri la saruji

Idara ya Umeme na Mifumo ya Udhibiti,
Kiwanda cha Saruji,
Tanga.

12 Machi 2025

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Vifaa vya Mtandao,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SWICHI ZA MTANDAO MLIZOTUUZIA KAMA ZA KIWANDANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwaka jana tuliagiza kwenu swichi za mtandao za kuunganisha PLC (kompyuta ndogo zinazoendesha mitambo) za tanuri, za kinu cha kusagia klinka (mawe ya saruji yanayotoka tanurini) na za mashine za kufungasha mifuko, na chumba cha kuongozea mitambo. Oda yetu haikuacha nafasi ya kubahatisha. Tulitaka kifaa kisicho na feni, kinachohimili joto la nyuzi -40 hadi 75 za Selsiasi, chenye njia mbili za umeme wa volti 24 DC ili moja ikikatika nyingine iendelee, kinachofungwa kwenye reli ya milimita 35 ndani ya kabati, na chenye uwezo wa mtandao wa mzunguko, yaani waya uliofungwa kama duara ili ukikatika sehemu moja mawasiliano yapite upande wa pili. Afisa wenu wa mauzo alijibu kwa barua pepe kwamba vyote hivyo vimo. Mlicholeta sicho.

Mwezi Februari, wakati joto la Tanga halimpi mtu nafuu hata usiku, swichi iliyo kwenye kabati la jirani na tanuri ilizima. PLC ikapoteza mawasiliano na mota kuu, na kwa kuwa mfumo umepangwa kwa usalama, tanuri likasimama. Naomba mlielewe hili vizuri, maana majibu yenu yanaonyesha hamjalielewa. Ofisini mtandao ukikatika, watu wanasubiri barua pepe zao. Tanuri la saruji lina mzigo uliookwa hadi karibu nyuzi 1,450. Likisimama na moto wake bila kuzungushwa, ganda lake la chuma linapinda, na matofali ya moto ya ndani yakipoa ghafla yanapasuka. Vijana wa zamu walikimbia gizani kwenda kuwasha mota ya dharura ya dizeli ili walizungushe polepole, wakiwa kando ya chuma kinachounguza. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Lakini hatukupaswa kuwaweka kwenye hatari hiyo kwa sababu ya kisanduku kimoja cha mtandao.

Asubuhi tulikifungua. Ndani kulikuwa na feni ndogo, na mapanga yake yameganda kabisa: vumbi la saruji limeingia, likakutana na unyevu wa hewa ya bahari, likawa jiwe. Kapasita mbili (vipuri vya kuhifadhi chaji ya umeme) zimevimba vichwani. Pini za tundu la waya zimeota kutu ya kijani. Tulipobandua stika yenu yenye jina la kifaa cha kiwandani, chini yake tulikuta lebo ya mtengenezaji, na karatasi ya vipimo ya modeli hiyo inasema kifaa kinafanya kazi kati ya nyuzi 0 na 40. Ndani ya kabati lile mchana tunapima zaidi ya nyuzi 55. Kila fundi wa elektroniki anajua kwamba umri wa kapasita za aina ile hupungua kwa takriban nusu kila joto linapopanda nyuzi 10. Kifaa hicho kilianza kufa siku ile ile tuliyokifunga.

Tulipowapigia simu, fundi wenu alituambia tufungue milango ya makabati ili hewa ipite. Katika kiwanda cha saruji! Vumbi ndilo adui tunayejifungia dhidi yake, na kabati likiachwa wazi, kila kilichomo ndani kinaharibika, zikiwemo PLC ambazo hamkutuuzia ninyi.

Zile za upande wa kufungasha mifuko zinasikitisha zaidi. Kwenye ankara mmeandika ni za IP67, kiwango cha kifaa kuzuia vumbi na maji. Tarakimu 6 maana yake vumbi haliingii hata chembe. 7 maana yake kifaa kinaweza kuzama kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30 kisidhurike. Swichi mlizoleta zina matundu ya kupitishia hewa ubavuni, na plagi zake ni zile zile za plastiki za kompyuta ya mezani. Kifaa cha kweli cha IP67 kimezibwa pande zote, na waya wake hufungwa kwa viunganishi vya kuzungusha vya M12, ambavyo hata mtikisiko wa mashine hauvilegezi. Yeyote aliyezishika kwa mkono kabla ya kupakia mzigo aliona matundu hayo.

Kuhusu mtandao wa mzunguko, tulijaribu wenyewe kwa kuchomoa waya mmoja mashine zikiwa zimesimama. Mawasiliano yalirudi, lakini baada ya karibu nusu dakika, kwa sababu kilichomo ni itifaki (kanuni ya mawasiliano) ya zamani ya spanning tree. PLC zetu haziwezi kusubiri hata sekunde moja. Vifaa vya viwandani vyenye itifaki ya MRP hurudisha njia ndani ya milisekunde 200, na ndiyo sababu tuliidai kwa jina lake kwenye oda. Pia waya wa shaba ambao mafundi wenu waliutandaza kutoka kinuni hadi kwenye mifuko umepita mita 100, ambazo ndizo kikomo chake, na umelazwa pamoja na nyaya za umeme za mota kubwa. Hapo palihitaji faiba, waya unaopitisha data kwa mwanga, ambayo haisumbuliwi na mawimbi ya mota.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi ya kifaa na kutegemea ujuzi wake. Sisi tuliwaeleza kwa maandishi, nanyi mkakubali kwa maandishi.

Kwa hiyo tunataka mchukue swichi zenu zote na kutuletea zinazolingana na oda, kila moja ikiwa na karatasi ya vipimo ya mtengenezaji mwenyewe, si stika yenu. Waya wa kinuni ubadilishwe uwe faiba kwa gharama zenu. Kama hamna vifaa hivyo, rudisheni fedha zetu zote tukanunue kwingine. Tunataka pia maelezo ya maandishi kuhusu nani alibandika stika zile, kwa kuwa viwanda vingine vinanunua kwenu, na huko nako kuna watu wanaofanya kazi kando ya mitambo hiyo.

Tunasubiri majibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Yasipofika, suala hili tutalipeleka Tume ya Ushindani pamoja na kifaa tulichokifungua, picha zake, oda, ankara na barua pepe zenu.

Wenu katika kazi,

Mhandisi Mkuu, Umeme na Mifumo ya Udhibiti

Nakala: Meneja wa Kiwanda, Mkuu wa Ununuzi, Afisa Usalama na Afya Mahali pa Kazi