Mabaharia waliotekwa wasitelekezwe

Mhariri,

Kila meli inapotekwa, habari huanza na thamani ya shehena na kiasi cha fidia, ilhali mabaharia waliomo hutajwa kwa idadi tu. Meli ya MV Iceberg 1, iliyotekwa katika Ghuba ya Aden mwezi Machi 2010, ilishikiliwa kwenye pwani ya Somalia hadi Desemba 2012, na muda wote huo watu wake waliishi kwa uhaba wa chakula na maji.

Seng'enge iliyozungushwa kwenye kingo za sitaha, pamoja na chumba cha chuma cha kujifungia, humpa baharia muda wa kungoja msaada, si zaidi. Marekebisho ya Mkataba wa Kazi za Mabaharia, yaliyoanza kutumika Desemba 2020, yanataka mshahara wa aliyetekwa uendelee kulipwa. Hilo ni jema, lakini mke anayekesha kando ya simu (na hili ndilo linaloniuma zaidi) anahitaji pia taarifa. Wenye meli, na nchi ambazo meli hizo hupeperusha bendera zao, walazimishwe kuziarifu familia tangu siku ya kwanza, wala wasiruhusiwe kumtelekeza yeyote kwa kisingizio kwamba meli imechakaa au kampuni imefilisika.

Msomaji wako