Mama Mdogo, Jina Lake Litaandikwa

Mama mdogo,

Najua hupokei simu zangu, na najua wanao watakusomea haya jioni, kwa hivyo naandika wazi. Kwanza pole ya mguu. Nimesikia umeanza tena kwenda kanisani bila mkongojo, nami nimefurahi kuliko unavyodhani.

Sasa nisikilize. Ninaandika kitabu cha Kiswahili kuhusu wapigaji wa bendi za Nairobi, na sura moja ni ya baba mdogo. Siku ile ya mazishi, makaburini Lang'ata, mchungaji alisoma wasifu wa baba mdogo kutoka kwenye ile karatasi yenye picha ya suti. Akasoma kuzaliwa, shule, ubatizo, ndoa, watoto, halafu: "alijishughulisha na biashara ndogondogo mjini." Akafunga karatasi, kwaya ikaanza. Mtu aliyepiga gitaa la ridhimu, lile linaloshikilia mdundo, Nairobi tangu ujana wake hadi vidole vikamkatalia, anazikwa bila gitaa kutajwa hata mara moja! Wenzake wa bendi walikuwa nyuma, karibu na ua, kofia mikononi. Waliomba dakika tano tu wamwimbie, nawe ukakataa. Ndipo nikapaza sauti, na ndipo uliponiambia mbele ya watu wote nikae chini. Sikukaa, na ningesimama tena leo.

Usidhani sikuelewi. Uliokoka, na nyimbo za kidunia ukaziacha kule zilikoanzia. Na kabla ya wokovu kulikuwa na njaa. Ni wewe uliyekaa Kaloleni na watoto, yeye yuko kwenye kumbi za muziki, Garden Square au Starlight, mpaka alfajiri. Aliitwa studio River Road, akapiga, akalipwa mara moja mkononi, basi. Santuri ikauzwa kila mahali, yeye akawa anajisikia kwenye redio ya matatu na mfukoni hana nauli. Uchungu huo ni wako na sina ruhusa ya kuupunguza.

Lakini angalia ile santuri yenyewe, hizo ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili ukigeuza, na huko nyuma ndiko magitaa yalikochemka. Lebo yake ina jina la wimbo, la bendi na la mtunzi. Mpiga ridhimu hayupo. Na baba mdogo alikuwa kwenye nyingi mno! Ukiondoa ridhimu yake, gitaa la solo, lile linaloongoza, linabaki likielea peke yake, kila mpigaji wa Nairobi atakwambia hivyo. Studio ilimwacha nje ya lebo, kisha sisi jamaa zake tukamwacha nje ya wasifu. Mara ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi.

Uliniuliza siku moja, kabla hatujakosana, vitabu vya wanamuziki vina faida gani. Nitakujibu sasa. Siti binti Saad alikuwa binti maskini wa Fumba, Unguja, akiuza vyungu. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Alifariki 1950. Shaaban Robert, bingwa wetu wa lugha, hakuona aibu kukaa akaandika maisha ya mwimbaji, na leo mtoto wa shule anaweza kumjua Siti kupitia kitabu hicho hata kama hajawahi kusikia sauti yake. Hilo ndilo ninalolitaka, wala si kubwa.

Vya huku kwetu vipo pia. Ketebul Music, studio ya Nairobi, walitoa Shades of Benga mwaka 2017 juu ya muziki wa Kenya, kazi ya kuheshimiwa kabisa, na Gary Stewart alishaandika Rumba on the River mwaka 2000 juu ya muziki wa Kongo. Vyote viwili ni vya Kiingereza. Mzee aliyepiga besi miaka yote anashikiwa kitabu, anaoneshwa picha yake, na mjukuu ndiye anayemtafsiria. Nimewatafuta wauza vitabu wa inama, wale wanaotandaza vitabu vikuukuu kando ya barabara, kwa muda mrefu, na kitabu cha Kiswahili kuhusu bendi za Nairobi bado sijakishika.

Na wewe unajua kisipoandikwa kinachofuata ni nini. Malaika umeusikia tangu usichana wako. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akauimba, Boney M wakauimba, na mpaka leo watu wanabishana kama mtunzi ni Fadhili au Adam Salim. Huo ni wimbo maarufu kuliko wote. Je, mpiga ridhimu?

Nakushauri kama mwanao: lile daftari lako la madeni ya duka usilitupe. Nililiona. Pembeni ya sukari na mafuta ya taa uliandika alikopiga, alipiga na nani, akaleta ngapi. Hakuna studio yenye kumbukumbu safi namna hiyo. Wewe ndiwe uliyeandika historia ya muziki wa mji huu, kwa penseli, huku mtoto akilia mgongoni, na ninataka jina lako liwe kwenye kitabu changu pamoja na lake.

Wanaosema natafuta pesa waje nikae nao. Na wanaosema niliiba gitaa, gitaa alinipa mwenyewe, wewe ukiwa jikoni, akaniambia nisiliache likae bila nyuzi. Nimelitia nyuzi. Ningelirudisha kama ningejua halitauzwa, lakini ile redio yake kubwa iko wapi sasa? Nani aliulizwa?

Basi. Sura yake nimeimaliza isipokuwa mahali pamoja. Ule mwaka alioondoka bendi kubwa, aliacha yeye au aliachishwa? Wenzake kila mmoja ana lake. Nimeandika kwamba aliacha, kwa sababu wewe ulikuwa unamtarajia kitinda mimba na hukutaka alale nje tena. Kama sivyo, nipigie kabla sijaipeleka kwa mchapishaji, hata kama ni kunigombeza.