Tangi la Mimea Lenye Sampu: Gesi ya Kaboni Dioksaidi Inapotelea Wapi?

Wateja wengi wenye matangi ya mimea ya majini hutufikia wakiwa wameshaambiwa kwamba sampu (tangi la chini linalopokea maji ya tangi la juu, kuyachuja na kuyarudisha kwa pampu) na gesi ya kaboni dioksaidi inayoingizwa majini kulisha mimea havipatani, na kwamba anayetaka mimea iliyostawi hana budi kuing'oa sampu na kufunga chujio lisilopitisha hewa. Hatukubaliani na ushauri huo. Ni kweli kwamba sampu hupoteza gesi, lakini huipoteza katika sehemu chache zinazojulikana, na sehemu hizo zinarekebishika. Kinachotusikitisha ni kuona mtu akifungua vali ya gesi zaidi kila wiki huku mianya inayopitisha gesi hiyo ikiwa haijaguswa.

Sampu ina manufaa ambayo hatungependa mteja ayaache bila sababu. Hita na vyujio hukaa chini, nje ya macho. Ujazo wa maji huongezeka. Na kwa kuwa maji yanayokauka hupungua kwenye sampu peke yake, kiwango katika tangi la juu hakishuki. Zaidi ya hayo, maji ya juu yanapofurika kuelekea kwenye bomba hubeba utando wa mafuta unaotanda usoni, na oksijeni huingia vizuri, jambo ambalo samaki hulihitaji hasa usiku, wakati mimea nayo inapoitumia.

Maji yaliyoachwa wazi hewani hubaki na kaboni dioksaidi isiyofika miligramu 1 kwa lita, ilhali wafugaji wengi wa mimea hulenga karibu miligramu 30. Kwa hiyo gesi tunayoiingiza daima inatafuta njia ya kutoka, na popote maji yanapoanguka au kuchanganyika na hewa hutoka kwa kasi, kama soda inavyotoa povu ikimiminwa kutoka juu.

Sehemu ya kwanza kukaguliwa, na mara nyingi ndiyo yenye hasara kubwa kuliko zote, ni kisanduku cha kufurikia, yaani kile ambamo maji ya juu ya tangi humwagikia kabla ya kushuka kwenye sampu. Ikiwa maji yanavuka ukingo na kuporomoka sentimita 20 au 30 kabla ya kuyakuta maji ya ndani, na bomba la kushushia linakoroma, hapo hewa inavutwa pamoja na maji hadi chini na kurudi juu kwa viputo vinavyoondoka na gesi yako. Dawa yake ni kupandisha kiwango cha maji ndani ya kisanduku hadi kibaki chini ya ukingo kwa sentimita 2 au 3 tu, kisha kuweka koki kwenye bomba la kushushia na kuirekebisha polepole mpaka bomba lijae maji matupu na mlio ukome. Mpangilio huu unadai bomba la pili la dharura, lililo wazi muda wote na lisilo na koki, kwa sababu konokono mmoja akiziba la kwanza, maji yatamwagika sakafuni. Hatuweki koki hiyo pasipo bomba la dharura, hata mteja akituomba.

Mdomo wa bomba la kushushia uzame sentimita chache ndani ya maji ya sampu. Mipira ya plastiki inayonyunyiziwa maji hewani huwafaa sana bakteria wanaosafisha amonia, lakini huondoa gesi kwa ufanisi uleule. Ishushwe chini ya maji. Kisha sampu ifunikwe. Kaboni dioksaidi ni nzito kuliko hewa, hivyo chini ya mfuniko unaokaa vizuri hujikusanya juu ya maji na kupunguza kasi ya gesi iliyobaki majini kutoka. Pampu ya kurudisha maji nayo isizidi mahitaji: mzunguko wa mara 3 hadi 5 ya ujazo wa tangi kwa saa unatosha, na mteja akitaka mkondo wenye nguvu zaidi, aweke pampu ndogo ndani ya tangi lenyewe.

Gesi yenyewe tunapendelea iingizwe kwenye riakta, yaani chombo cha kuyeyushia gesi majini, iliyo kwenye bomba la kurudisha maji, ili iyeyuke baada ya kupita sampu na si kabla yake.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama tatizo lako liko kwenye mteremko wa maji. Gesi ikiwa imeshafanya kazi kwa saa kadhaa, pima pH (kipimo cha uchachu wa maji, ambacho hushuka kaboni dioksaidi inapoongezeka) ya tangi la juu, kisha pima ya chumba cha mwisho cha sampu kwa kifaa kilekile. Ya sampu ikiwa juu waziwazi, gesi imepotea njiani. Ili kujua kiasi kilichomo, acha glasi ya maji ya tangi wazi kwa siku nzima, kisha linganisha: pH ya tangi ikiwa chini kwa 1 kamili, kaboni dioksaidi iliyomo ni takriban mara 10 ya ile ya glasi. Kichupa cha kiashiria kinachowekwa ndani ya tangi, ambacho rangi yake hugeuka kutoka bluu kwenda kijani gesi inapotosha, kinasaidia, ila huchelewa kwa saa moja au mbili; kwa hiyo samaki wakianza kuhema usoni mwa maji, funga gesi mara moja hata kama rangi bado ni ya kijani.

Ukishaziba mianya, anza upya na gesi kidogo. Kiwango kilichokuwa salama kabla ya marekebisho kinaweza kuwadhuru samaki baada yake. Wala usiamini geji ya mtungi: katika nyuzi joto 20 husoma karibu baa 57 muda wote ambao gesi ya kimiminika imebaki ndani, kisha hushuka ghafla. Njia ya kuaminika ni kuupima mtungi uzito.

Ukituita tukague tangi lako, tutumie kwanza vipimo hivyo viwili vya pH, ukubwa wa pampu yako, na picha ya kisanduku cha kufurikia iliyopigwa kutoka juu pampu ikiwa inafanya kazi. Fundi wetu atajua mapema mabomba na koki za kubeba, na atazima pampu mbele yako kuhakikisha kwamba sampu inayapokea maji yote yanayoshuka umeme unapokatika.